Presi Kongwe ya Kubandika Picha: Kutafuta Ugonjwa Wake Kabla Hujaongeza Moto

Mwezi wa nne, masika yamekolea, shangazi mmoja wa Makorora alinirudishia picha ya harusi ya bintiye. Nilikuwa nimeibandika kwenye ubao wa kadibodi wiki mbili nyuma, nikaitia fremu, na alipoichukua akanishukuru sana. Sasa ilikuwa imefura vidoto vidoto. Akaiweka mezani, akaniangalia. "Mwanangu, hii picha imepata tetekuwanga?"

Sikuwa na jibu. Nikafanya kosa ambalo karibu kila mwenye presi ya zamani hulifanya: nikaongeza moto. Picha ya pili ikafura vilevile. Ya tatu haikufura, ila ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Zote nilizichapisha upya kwa pesa yangu. Presi haikuwa na kosa lolote siku ile. Ubao ulikuwa umelowa, nami nilikuwa nikiupika.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka la fremu aliyerithi au kununua presi ya mtumba ya kubandika picha kwa gundi kavu, ile ya karatasi inayoyeyuka kwa moto: bamba la alumini juu lenye elementi ndani, mto wa sponji au felti chini, na mkono wa kugandamizia. Mashine hizi ni ngumu kufa. Nyingi za kampuni za Seal na Ademco zilizotengenezwa miongo kadhaa iliyopita bado zinafanya kazi. Zinapozeeka huwa zinakuambia joto ambalo hazina, au zinagandamiza upande mmoja na kuuacha mwingine. Kazi yako ni kuzihoji kitu kimoja kimoja. Ukibadilisha joto, muda na gundi kwa siku moja, hata tatizo likiondoka hutajua kilichokuwa tatizo, na litarudi.

Mpangilio wangu ni huu: unyevu, umeme, joto, mgandamizo, halafu gundi. Vitabu vya mashine huanza na umeme. Mimi naanza na unyevu kwa sababu niko Ngamiani, mjini Tanga, na kwa sababu kuupima hakuhitaji bisibisi.

Hatua ya kwanza: pima maji, sio mashine

Anayeishi Tanga anaijua hewa yake. Chumvi inashikana kwenye kikopo, biskuti iliyoachwa wazi usiku inalegea kufika asubuhi. Karatasi na kadibodi hunywa maji hayohayo. Kadibodi iliyokaa dukani wakati wa masika inaweza kubeba maji kiasi cha sehemu ya kumi ya uzito wake, na ukiishika hutahisi chochote. Ukiifungia ndani ya presi yenye joto, maji yanageuka mvuke na mvuke haupati njia: juu kuna bamba, chini kuna mto. Unakwama baina ya picha na gundi. Ukifungua, picha inaonekana safi kabisa. Vidoto vinajitokeza kesho yake, au wiki mbili baadaye mbele ya shangazi.

Chukua mizani ya jikoni, ile ya kidijitali ya kupimia unga wa keki. Pima ubao unaotaka kuutumia, andika uzito. Uweke ndani ya presi peke yake, baina ya karatasi mbili za kaki, dakika moja. Fungua sekunde kumi mvuke utoke, funga tena dakika moja, kisha pima. Kwa ubao wa gramu mia tatu, usishangae ukipungua gramu kumi au ishirini. Hizo zote ni maji uliyokuwa ukiyafungia chini ya picha ya mteja.

Kama huna mizani, tumia kioo. Ukifungua tu presi, weka kipande cha kioo baridi juu ya ubao wenye moto. Kikiingia ukungu, bado. Rudia mpaka kioo kibaki kikavu.

Halafu fanya jaribio la kulinganisha, ambalo ndilo linaloamua kama tuendelee kuisumbua mashine au la. Kata vipande viwili vya ubao uleule. Kimoja kikaushe kama nilivyoeleza, kingine kiache kilivyo. Bandika picha mbovu zinazofanana kwenye vyote viwili, joto lilelile, muda uleule. Viweke siku mbili. Kilichokaushwa kikibaki safi na kingine kikifura, weka bisibisi chini. Presi yako ni nzima. Kinachotakiwa ni kukausha kila ubao kabla ya kazi, na picha yenyewe nusu dakika. Kisha unganisha vyote palepale vikiwa vya moto. Ukienda kunywa kahawa kwanza, ubao utakunywa hewa upya.

Karatasi ya kaki nayo inanyonya maji. Usiitumie ileile asubuhi hadi jioni ukidhani inasaidia; ibadilishe, au ikaushe peke yake katikati ya kazi. Na mbao zako zisisimamishwe kwenye ukuta. Nyumba nyingi za zamani za mji wetu zina kuta zinazopandisha unyevu kutoka chini, na ukuta unaunyonyesha ubao. Zilaze juu ya chaga, ndani ya nailoni iliyofungwa, mbali na ukuta na sakafu.

Hatua ya pili: umeme

Hapa chomoa plagi. Usiamini swichi ya mashine kuukuu, chomoa kabisa, acha bamba lipoe. Kama hujawahi kushika maltimita, kile kipimo cha umeme, mwite fundi umeme na umsomee hatua hizi, hakuna aibu.

Soma kwanza kibati cha mashine, kinachoonyesha volti na wati. Presi nyingi zilizotengenezwa Marekani kwa soko la kwao ni za volti 120, na sisi tuna 230. Ukiichomeka hivyo, elementi ya wati 1,500 itajaribu kuvuta zaidi ya wati 5,000, na hutasubiri sana kuona moshi. Mashine ya namna hiyo inahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo wa kupita wati za mashine kwa nafasi nzuri. Kwa wati 1,500 mimi singeweka iliyo chini ya 2,000. Vijitransfoma vidogo vya redio visikudanganye.

Kama kibati kinasema 220, 230 au 240, endelea kupima elementi. Zidisha volti kwa volti, ugawanye kwa wati, unapata omu zinazotarajiwa. Mashine ya volti 230 na wati 1,500 inapaswa kusoma karibu omu 35. Ya wati 1,200 karibu 44. Toa waya za elementi kwenye vituo vyake, pale zinapofungiwa, ndipo upime, la sivyo unapima na vingine. Isiposoma omu zozote, kama waya uliokatwa, elementi imekatika. Kusoma maradufu ya hesabu yako kuna maana nyingine ambayo wengi huikosa: presi kubwa huwa na elementi mbili zilizowekwa sambamba, na moja imekufa. Mashine hiyo bado inapata moto, taa inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, ila nusu ya bamba ni baridi. Nimewahi kumwona mwenzangu akibadilisha aina tatu za gundi kwa ugonjwa huo.

Rudisha waya, chomeka, na sasa pima volti kwenye soketi wakati presi inapata moto, sio ikiwa imezimwa. Nguvu ya elementi haishuki sambamba na volti. Inashuka kwa kasi zaidi. Volti zikishuka hadi 190 kwenye elementi ya 230, unabaki na kama asilimia 68 tu ya joto lake. Presi itafika kwenye joto lake hatimaye, lakini kila ukiingiza ubao baridi inachukua muda mrefu kurudi, na kazi ya pili, ya tatu, zinatoka nusu mbichi. Mtaani kwetu jioni volti hulegea watu wanapoanza kupika na kupiga pasi, kwa hiyo kazi kubwa nimezihamishia asubuhi. Haikunigharimu hata senti. Tazama pia eksitensheni. Waya mwembamba wa mita kumi uliozungushwa kama kamba ya ng'ombe unapoteza volti na unajipasha wenyewe. Presi ipewe soketi yake ukutani, plagi yenye fyuzi ya ampea 13, na isigawane na friji ya jirani.

Fungua sasa mahali waya zinapoingia kwenye bamba. Hewa ya bahari inafanya kazi yake hapo: vituo vya shaba vinageuka kijani, skrubu zinalegea kwa kupanuka na kusinyaa kila siku. Muungano uliolegea unapata joto, unachoma waya, waya iliyoungua inalegeza zaidi. Safisha mpaka shaba ing'ae, weka kibanio kipya cha waya, kaza. Ukibadilisha waya, tumia ya silikoni au yenye ganda la nyuzi za kioo. Waya ya kawaida ya nyumbani ganda lake limekusudiwa joto la nyuzi 70 za Selsiasi tu, na hapo ndani kuna zaidi. Jambo moja usilipuuze: ukikuta waya zilizofungwa kitambaa cheupe-kijivu chenye nyuzinyuzi kwenye mashine ya zamani sana, usikikwangue wala kukipuliza. Huenda ni asbesto, na vumbi lake halitoki mapafuni. Funga kifuniko, mtafute fundi anayeijua.

Halafu kuna ugonjwa wa pwani hasa. Presi imekaa miezi miwili bila kazi. Ukiiwasha tu, sakiti bureka inaruka, au unashika bamba na kuhisi vidole vikipigwa na umeme kidogo. Elementi za bomba hujazwa unga wa madini unaozuia umeme usifike kwenye ganda, na unga huo hunywa unyevu kupitia ncha zake. Fundi mwenye kipimo cha megaomu cha volti 500 atakuonyesha: chini ya megaomu moja baina ya elementi na mwili wa mashine, haifai kuwashwa. Usikate athi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ili bureka iache kuruka! Nimeisikia hiyo ikitolewa kama ushauri, na aliyeitoa alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Kinachotakiwa ni kuukausha unga. Mimi niliacha presi imechomolewa, nikaweka pasi ya nguo juu ya bamba nikiihamisha mahali hadi mahali kwa alasiri mbili, joto likaingia taratibu kutoka nje. Kipimo kilipanda chenyewe. Isipopanda, elementi imekwisha.

Athi yenyewe pima kwa omu kutoka pini ya athi ya plagi hadi chuma tupu cha mashine. Iwe chini ya omu moja. Na ukikuta fyuzi ya joto imekatika, badilisha kwa yenye nyuzi zilezile zilizoandikwa juu yake. Kuiunganisha kwa kipande cha waya ni kuondoa kitu pekee kinachozuia duka lisiungue usiku thamostati, ile inayozima na kuwasha moto, ikiganda.

Hatua ya tatu: joto lililopo na joto linaloandikwa

Swichi ya kuzungushia joto kwenye presi kuukuu ni pambo. Inakuambia ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani.

Kwanza, hakikisha inasema lugha gani. Mashine za Marekani huandikwa Farenihaiti. Toa 32, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa: 180 yao ni 82 yetu, 200 ni 93, 225 ni 107. Karatasi nyingi za gundi kavu zinataka kati ya nyuzi 70 na 95, na picha za maabara zenye utando wa plastiki hazipendi kupita 95. Zikizidi, uso unakuwa na vitobo vidogo kama ganda la chungwa na huwezi kuurudisha.

Pili, pima mwenyewe. Ile bunduki ya miale inayolenga na kusoma imenidanganya kuliko swichi. Alumini tupu inayong'aa haitoi miale vizuri, kwa hiyo bunduki inasoma chini sana ya ukweli. Ukiitumia, bandika kwanza kipande cha utepe wa karatasi kwenye bamba, subiri kipate joto, lenga utepe. Afadhali ni waya wa kupimia joto unaokuja na maltimita nyingi za bei nafuu. Uweke ndani ya sandwichi: ubao, karatasi ya silikoni (ile isiyoshikwa na gundi), ncha ya waya, karatasi ya silikoni, kipande cha picha mbovu. Funga presi. Unachotaka kujua ni joto linaloifikia gundi, na muda linalochukua kufika. Andika kila sekunde 15. Kwenye presi yangu, ubao wa kawaida unachukua karibu dakika mbili gundi kufika nyuzi 80, ilhali bamba lenyewe limeshafika 90 zamani. Kabla sijapima, nilikuwa nafungua kwa dakika moja na nusu, nikilaumu gundi.

Rudia kipimo hicho katikati, kwenye pembe nne na katikati ya kila upande. Sehemu tisa. Ni kazi ya kuchosha, na hapa nina njia ya mkato ambayo sijaiona kitabuni. Nenda duka la vifaa vya ofisi ununue karatasi za kuviringisha za mashine ya EFD. Karatasi ya risiti haina wino. Inageuka nyeusi kwa joto. Panga vipande juu ya mto vienee eneo lote la bamba, upande unaogeuka ukiangalia juu, vifunike kwa karatasi ya silikoni, ukianza na joto la chini. Funga sekunde tano, fungua, tazama. Panda nyuzi tano tano kwa vipande vipya hadi uanze kuona kijivu. Palipo peusi ni pamoto, palipobaki peupe ni pabaridi, na ramani nzima unaiona kwa jicho moja. Haikuambii nyuzi ngapi, kwa kuwa karatasi zinatofautiana, lakini inakuambia wapi. Siku niliyoifanya niliona ukanda mweupe upana wa kiganja upande wa mbele wa kulia. Picha zote zilizokuwa zikibanduka pembe, zilibanduka pembe hiyo.

Tahadhari: peupe panaweza kuwa pabaridi au pasipogandamizwa. Subiri hatua ya nne kabla hujahukumu elementi.

Tatu, itazame taa ya thamostati kwa mizunguko mitano. Andika joto taa inapozima na inapowaka. Tofauti ya nyuzi tano hadi nane kwa mashine ya aina hii naivumilia. Ikipita 15, au ikipanda tu bila kuzima, vidole vya thamostati vimeliwa au vimeshikana. Chomoa, fungua, visafishe kwa kadi ngumu iliyoloweshwa dawa ya kusafishia vituo vya umeme, ukiivuta katikati ya vidole. Msasa usiutumie: vidole vina ganda jembamba la fedha, ukiliondoa vitaungua haraka zaidi. Kama havisafishiki, thamostati mpya ya kapilari ya jiko la umeme inaweza kukaa hapo, mradi ampea zake zinatosha na mizani yake inashuka hadi nyuzi 50. Fundi wa majiko anaijua.

Ukishajua ukweli, kata kipande cha utepe mweupe, kibandike kuzunguka swichi, uandike nyuzi za kweli kwa kalamu ya wino usiofutika. Swichi yangu ikisema 200, utepe unasema 84. Nafuata utepe.

Hatua ya nne: mgandamizo

Presi ikiwa baridi, kata vipande tisa vya karatasi ya kawaida ya A4, upana wa vidole viwili. Weka ubao ndani, panga vipande sehemu zilezile tisa vikitokeza nje, funga. Vuta kimoja kimoja. Vyote vinapaswa kukataa kwa nguvu inayolingana. Kinachotoka kama uzi kwenye siagi kinakuonyesha ugonjwa.

Kama vyote vinatoka kirahisi, kaza skrubu ya kurekebisha kimo nusu mzunguko nusu mzunguko. Mkono ufungike kwa nguvu ya mkono mmoja wa mtu mzima, ukitoa ule mlio wa kukaa mahali pake. Ukihitaji kuning'inia, umezidisha, na pini za maungio zitakatika. Kumbuka kulegeza tena unapobandika kwenye ubao mnene. Hili husahaulika kila siku.

Kama vinatoka katikati lakini pembeni vinashika, tazama mto. Sponji iliyobonyezwa miaka yote na picha za ukubwa uleule inakuwa na bonde. Bonyeza kwa ngumi: inaporudi taratibu, au hairudi, imekufa. Ukiugeuza mto chini juu unaweza kupata miezi michache. Baada ya hapo nunua sponji ya silikoni inayostahimili joto, au felti ya sufu. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikata sponji ya godoro la mtoto akaiweka. Ilifanya kazi asubuhi nzima. Mchana duka lilinuka hadi kwa muuza samaki, na sponji ikawa imeyeyuka imeshika bamba la chini. Sponji ya godoro inapopashwa moto hutoa moshi mbaya kuuvuta, sahau hilo wazo.

Kama upande mmoja tu ndio unaolegea, huenda mhimili umechakaa au bamba limepinda. Simamisha rula ya chuma juu ya bamba, tazama mwanga chini yake. Mwanga mwembamba wa karatasi moja mbili utamezwa na mto. Ukiweza kupitisha kadi ya benki chini ya rula, hakuna skrubu itakayokuokoa. Presi hiyo ifanye picha ndogo tu, katikati, na ukubali hivyo.

Sasa rudi kwenye ramani ya risiti. Ule ukanda wangu mweupe? Karatasi ziliteleza palepale. Mto ulikuwa umekufa upande huo, elementi haikuwa na neno. Ningeanza kubadilisha elementi, ningetupa pesa.

Hatua ya tano: gundi na uchafu

Gandisha vipande viwili vya karatasi ya kaki kwa gundi yako, viache vipoe chini ya kitu kizito, kisha uvibandue. Karatasi ikichanika nyuzinyuzi, gundi imeshika sawasawa. Vikiachana, tazama gundi imebaki wapi. Kama bado inang'aa na ina umbo lake la awali, haikuyeyuka: joto au muda haukutosha. Kama imeyeyuka lakini imebaki upande mmoja, upande mwingine ulikuwa na unyevu, vumbi au mafuta ya vidole. Kama inavunjika kama kaukau, imezeeka kwenye joto la stoo.

Kupoa ni sehemu ya kubandika. Gundi zinazoweza kubanduliwa baadaye hushika zinapopoa, sio zikiwa ndani ya presi. Picha ikitoka iende moja kwa moja chini ya kioo kinene au bamba la chuma, isubiri hadi iwe baridi kwa kiganja. Wanaoisimamisha ukutani ikiwa ya moto ndio wanaolalamika kwamba pembe zinanyanyuka.

Vidoa vinavyojirudia mahali palepale kwenye kila picha ni gundi iliyokauka kwenye bamba. Likiwa vuguvugu, kwangua kwa kipande cha mti laini au kadi ya plastiki. Likipoa kabisa, na plagi ikiwa nje, futa kwa spiriti. Bamba lenye utando mweusi usilisugue kwa waya wa chuma. Halafu tumia karatasi ya silikoni kila mara, juu na chini, hata kwa kazi ya dakika moja.

Wenye presi za kunyonya hewa, mengi ya hapo juu ni yenu pia, ila badala ya mto angalieni mpira wa pembeni na mafuta ya pampu. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa yameingia maji, yabadilisheni. Mshale wa kipimo ukishuka pampu ikizimwa, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni mpira uliopasuka kwenye pembe au bomba lililokakamaa.

Vitu ambavyo presi isiviguse hata ikiwa nzima

Cheti halisi cha shule au chuo, usikibandike hata mwenyewe akisisitiza. Mwajiri akitaka kukiona mgongo, utamwambia nini? Bandika nakala. Picha za zamani za familia ambazo hazina nyingine, vivyo hivyo. Zishike kwa pembe za karatasi. Michoro ya rangi za mafuta au za kung'aa, kama ile ya Tingatinga, italainika na kushika karatasi. Kopi za tona zinaweza kuacha maandishi yake kwenye silikoni. Na risiti, ukubali nimekwisha kukueleza zinageuka nini.

Daftari na kupumzisha mashine

Weka daftari moja la shule karibu na presi. Kila kazi mstari mmoja: tarehe, aina ya picha, ubao, gundi, joto la utepe, dakika, umekausha au hukukausha, mvua au jua. Picha ikirudi nitakwenda kwenye mstari wake badala ya kukisia. Kwa jinsi hiyo nilikuja kuona kwamba kurudishiwa kwangu kote kwa mwaka mmoja kuliangukia siku za mvua nilizokuwa na haraka.

Masika yakianza na kazi zikipungua, usiiache presi imelala mpaka Idi. Iwashe nusu saa kila siku mbili tatu, ikiwa wazi, uwe karibu nayo. Ikipoa, chomoa, acha mkono juu ili mto usibonyee, uifunike kwa khanga kuukuu. Nailoni juu ya mashine inafungia unyevu ndani.